Magunia Kumi Hadi Darajani

Sefania aliposhuka kwenye ile pikapu nyekundu alitembea kama mtu aliyeoa mke wa pili jana jioni. Efrazia alimwona tangu mbali. Alikuwa mbele ya ghala la kijiji, amekalia debe lililopinduliwa, anachagua viazi, vidogo huku, vikubwa kule. Akajisemea: basi, huyu tumempoteza.

"Mama Rahabu! Umeiona?"

"Nimeisikia."

"Kutoka Lushoto mpaka hapa Malindi, chai niliyokunywa kule bado ya moto tumboni! Basi la abiria tumelipita mlimani. Tumelipita kama limeegeshwa!"

Nyuma yake Ndugu Leonard, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa anashuka kwenye bodi kwa hatua za mtu asiyeamini kwamba ardhi imetulia. Kofia yake ilikuwa imebaki mahali fulani juu ya Lukozi. Hakuonekana kuisikitikia. Aliizunguka pikapu, akapiga bomba la moshi kwa kidole, akahesabu mabomba, akakuta ni mawili.

"Mawili," alisema kwa heshima.

"Mawili, Ndugu Mwenyekiti," alisema Bwana Zahoro, mfanyabiashara aliyetoka nayo Tanga. Alikuwa amevaa kanzu, na juu ya kanzu sweta mbili za kuazima, maana ilikuwa mwezi wa saba na ukungu wa Malindi hii ya milimani hauna adabu kwa wageni. "Injini hii ilitoka kwenye gari la mashindano. Fundi wangu aliihamishia humu kwa mikono yake. Pikapu ya namna hii haipo Tanga nzima. Sikieni honi."

Honi ililia sauti tatu, ya tatu ndefu kuliko zote. Kuku wakakimbia, watoto wakaja. Sefania akafumba macho.

Pikapu ya pili, ya kijani, ilifika watu wakiwa wameshamaliza kunywa uji. Ilikuja polepole, inaguna kila kona, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani. Dereva wa Zahoro alishuka akaenda kuota moto bila kusalimia mtu. Hakuna aliyeiangalia. Mbuzi mmoja tu aliisogelea, akalamba taa.

Kijiji kilikuwa kimelima shamba la pamoja misimu mitatu ili kifike siku hii. Barua ya kibali ilitoka wilayani ikisema kamati ya kununua gari iwe na watu watatu: mwenyekiti, mtaalamu wa magari, na mwakilishi wa kina mama. Wote watatu watie sahihi, la sivyo fedha hazitoki. Mtaalamu alikuwa Sefania, aliyewahi kuwa dereva wa shamba la mkonge kule Mnazi kwa miaka sita, na ndiye angeendesha gari likishanunuliwa. Mwakilishi wa kina mama alikuwa Efrazia. Watu walipomwambia Leonard kwamba hao ni mume na mke, alicheka: "Afadhali. Nyumba moja, kauli moja." Hapo ndipo alipokosea hesabu.

Leonard alitoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameshaitia sahihi yake huko njiani, inavyoonekana wakati gari linaruka, maana herufi ya mwisho ilikuwa imevuka ukingo.

"Sefania, tia yako. Mama Rahabu, njoo utie yako, tusiwacheleweshe wageni na baridi hii."

Efrazia alijifuta mikono kwenye kanga. "Mmeijaribu ikipanda."

"Tumeijaribu."

"Tupu."

"Tupu vipi? Tulikuwa watu watatu!"

"Sasa niulize kitu, Ndugu Mwenyekiti. Viazi vyetu vinapanda kwenda wapi?"

Viazi vya Malindi havijawahi kupanda kwenda popote. Vinashuka Lushoto, vinashuka Soni, vinashuka zile kona zote mpaka Mombo, na kabichi nyuma yake. Kinachopanda ni chumvi, sabuni na mafuta ya taa.

"Mama," alisema Leonard kwa upole wa mtu anayemwelekeza mtoto, "gari lililoshinda mlima lishindwe na mteremko?"

Wanaume waliokuwa wamekusanyika wakacheka. Sefania naye akacheka, tena kwa nguvu kuliko wote, maana alikuwa mume wa muulizaji.

"Kushuka!" alisema. "Kushuka hata jiwe linashuka."

"Jiwe halirudi nyumbani kula," alisema Efrazia, akarudi kwenye debe lake.

Bwana Zahoro aliikunja karatasi mwenyewe. Alisema hana neno, atakaa Lukozi kwa jamaa yake mpaka Ijumaa, lakini wajue kwamba watu wa Mlola nao wanaiulizia ile nyekundu, tena wanaiulizia kwa machozi.

*

Kwa siku mbili Sefania alimchumbia mke wake upya. Alipasua kuni bila kuambiwa. Alikwenda kuteka maji, jambo lililowafanya majirani wasimame kwenye ua kutazama. Jumatano usiku alikula maharage yasiyo na chumvi, maana Efrazia alikuwa amesahau, akayasifu mpaka sahani ikaisha.

"Mama," Rahabu alinong'ona jikoni, naye ana miaka kumi na minne na anaona kila kitu, "Baba anaumwa?"

"Anaumwa gari. Osha vyombo."

Efrazia hakuwa na furaha aliyokuwa akiionyesha. Alijua mume wake anasemwa. Pale dukani walikuwa wameshamuuliza: "Mghosi, mwanamume mzima, umepewa ruhusa? Au mama bado anafikiri?" Sefania alikuwa amerudi na mabega yameshuka, kiberiti alichotumwa kakisahau. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa dereva aliyekaa miaka saba bila usukani, analima kabichi na kuendesha magari ya watu kwa maneno. Gari hili lilikuwa limerudisha kitu usoni mwake, na yeye mke ndiye aliyekuwa amekishika na hakiachii.

Lakini kila alipofumba macho aliona Alhamisi, siku ya kushusha mzigo Mombo. Kila Alhamisi, magunia kumi. Juu ya magunia, kina mama sita na matenga yao ya kabichi na plamu. Kwenye usukani, baba wa watoto wake, aliyejifunza kazi Mnazi. Na Mnazi ni tambarare kama meza. Kwa miaka sita vitu vilivyomfanya Sefania akanyage breki vilikuwa viwili tu: mbuzi na chakula cha mchana.

"Sema unataka nini," alisema Sefania taa ilipozimwa. "Sema tu."

"Sitaki kuwa mjane kwa sababu ya kabichi."

"Mimi ni dereva, Efrazia."

"Dereva wa kule chini. Huku hujaendesha hata toroli." Aliwaza kidogo. "Haya. Kesho gulio Lukozi. Tenga langu limejaa, viazi debe mbili. Utalibeba wewe, kwa kichwa, njia ile ile ninayopita mimi, mpaka mtoni. Ukifika chini magoti yako yametulia, natia sahihi."

"Kwa kichwa?" Mwanamume wa Malindi hubeba begani. Kichwani huweka kofia. "Watu wataniona!"

"Tutatoka mapema. Ukungu utakusitiri."

Sefania aligeukia ukuta, akageuka tena. Halafu gizani ikasikika sauti ya mtu aliyeifikiria honi ya sauti tatu.

"Mpaka mtoni tu."

*

Ukungu haukumsitiri. Ulikuwepo, lakini ulikuwa wa vipande vipande, na katika kila pengo palikuwa na mwanamke anayekwenda gulioni.

Mwanzo njia ilipanda kidogo mpaka kwenye miti ya misindano, na Sefania alipanda vizuri. Alianza hata kupiga mluzi. "Hiki ndicho kitu mnachokilalamikia miaka yote?" alisema. Efrazia, mikono mitupu kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alikuwa anatembea nyuma kama bibi harusi.

Kisha njia ikapinduka kuelekea bondeni.

Hatua kumi za kwanza Sefania aliacha mluzi. Hatua ishirini, aliacha kuongea. Tenga lilikuwa linataka kutangulia. Halikuwa tena juu yake, lilikuwa nyuma yake, linamsukuma kama askari anayemsukuma mlevi. Akijaribu kusimama, vidole vya miguu vinachimba ndani ya viatu. Akijaribu kukimbia ili aendane nalo, udongo mwekundu uliolowa unateleza. Alishika mche wa mbuni wa watu, akaung'oa.

"Onga maundo, mghosi!" Ilikuwa salamu ya asubuhi ya Hamida, jirani yao, anatokea kwenye ukungu na tenga kichwani na mtoto mgongoni, anashuka kama anayeelea. Nyuma yake wasichana wawili wakasema, "Shikamoo, Baba Rahabu," wakauma kanga zao ili wasicheke.

"Marahaba," alijibu Sefania kupitia meno, bila kugeuza shingo, maana shingo haikuwa yake tena.

"Mama Rahabu mgonjwa?" aliuliza Hamida.

"Mzima," alisema Efrazia kutoka nyuma. "Tunapima gari."

Hamida alimtazama Sefania kutoka kichwani mpaka miguuni. "Hili breki halina," alisema, akapita.

Alipofika mtoni Sefania alitua tenga bila kuambiwa aliwekeje, akakaa juu ya jiwe. Magoti yake yalikuwa yanacheza. Aliyashika kwa mikono miwili, yakacheza pamoja na mikono.

"Baridi," alisema.

"Saa tatu hii. Jua limetoka."

"Ni baridi ya mtoni."

Efrazia hakubishana. Alijitwika tenga, akavuka daraja, akaenda gulioni. Alipogeuka kule ng'ambo, mume wake alikuwa bado amekaa, anayatazama magoti yake kama mtu aliyepewa barua asiyoweza kuisoma.

*

Ijumaa kijiji kizima kilikuwa ghalani. Leonard alivaa suruali aliyokwenda nayo kupigwa picha. Siku ile ya Jumanne, kabla ya kupanda, alikuwa ameegemea ile nyekundu mbele ya mpiga picha wa Lushoto, mguu mmoja juu ya bampa, na picha ilikuwa imeshawekwa kwenye fremu ofisini.

Bwana Zahoro alifika na pikapu zote mbili. Nyekundu ilikuwa imepakwa mafuta mpaka kwenye matairi. Kijani ilikuwa na matope yale yale ya Jumanne.

"Haya, Mama Rahabu," alisema Leonard. "Kalamu hii hapa. Wilaya inasubiri, taifa linasubiri."

Efrazia aliichukua kalamu, akaichomeka kwenye nywele. "Kina mama!"

Ghala likafunguka, na kina mama wakatoka na magunia, wawili wawili, Hamida mbele. Kabla Leonard hajapata neno, magunia matatu yalikuwa yameshapanda kwenye ile nyekundu.

"Ni nini hiki?"

"Gari la kazi linapewa kazi," alisema Efrazia. "Magunia kumi. Kutoka hapa mpaka darajani. Likisimama darajani, natia sahihi mbele ya watu wote, na leso natandika lipite juu yake."

Barabara ya kutoka ghalani ilishuka moja kwa moja, ikapinda penye lundo la samadi la Mzee Mika, ikashuka tena mpaka daraja la mbao. Kila mtu aligeuka kuitazama, kama vile ilijengwa asubuhi ile.

Gunia la kumi lilipopanda, pua ya nyekundu ilikuwa inatazama mbinguni.

"Sawa!" alisema Leonard. "Tusipoteze muda. Sefania, wewe ndiye mtaalamu. Waonyeshe."

Sefania aliingia. Alishika usukani, na watu wote waliona jinsi mikono yake ilivyotulia pale, mahali pake. Akawasha. Injini ikanguruma mpaka mabati ya ghala yakaitikia. Vijana wakapiga makofi. Mguu wake ukaenda kwenye breki, ukabonyeza, ukazama mpaka chini kabisa bila kukutana na kitu. Akabonyeza tena. Na pale, mbele ya kijiji kizima, magoti yake yakaanza kucheza.

Efrazia aliyaona kupitia mlango uliokuwa wazi. Alishika gunia la karibu kwa nguvu, kana kwamba lingeweza kulizuia gari.

Injini ikazimwa. Sefania akashuka, akasimama wima, akavuta shati lake.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "mimi ni dereva wa Mnazi."

"Tunajua. Miaka sita."

"Mnazi hakuna mteremko. Hata mmoja. Sijawahi kushusha mzigo katika maisha yangu, isipokuwa jana." Mtu alicheka nyuma, akamalizia kama anakohoa. "Mwenye gari atangulie. Bwana Zahoro ashuke nalo mpaka darajani. Akirudi, mimi nitashuka nalo mpaka Mombo."

Macho yote yakahamia kwa Zahoro. Zahoro alivua sweta moja.

"Hakuna shida," alisema. "Hakuna shida kabisa. Ila magunia kumi kwa mara ya kwanza ni kulionea. Gari ni kama mgeni, hamuwezi kulishindilia siku ya kwanza. Toeni mawili."

"Moja!" walihesabu kina mama wakishusha. "Mawili!"

Zahoro akakaa kwenye usukani. Akaitazama ile kona ya samadi. Akashuka. "Mvua ilinyesha jana. Na matatu mengine."

"Matatu! Manne! Matano!" Sasa watoto nao walikuwa wanahesabu.

Akaingia. Akajaribu breki, akatoa kichwa dirishani. "Haya mengine yamekaa upande mmoja."

"Tuyapange upya?"

"Yatoeni tu."

"Sita! Saba! Nane!"

"Bwana Zahoro," alisema Leonard kwa sauti ndogo, "yamebaki mawili."

"Mawili yanayumba yakiwa peke yake. Bora yasiwepo."

"Tisa!" kijiji kilipaza sauti. "Kumi!"

Zahoro akashika usukani, akavuta pumzi, akatabasamu. "Sasa mtaona. Likiwa tupu hili linashuka vizuri sana."

Kicheko kilichotoka pale Malindi kilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Hamida alikaa chini. Leonard peke yake hakucheka, alikuwa anafikiria ile fremu.

"Na lile lingine?" aliuliza Efrazia, akionyesha ile ya kijani kwa kidevu.

"Lile?" Zahoro alishangaa kwamba mtu anaiulizia. "Lile pakieni mtakavyo. Nimebebea saruji miaka minne, Tanga mpaka Muheza mpaka Amani."

Wakapakia kumi. Zahoro hakuomba litolewe hata moja. Aliingia akiendelea kulalamika juu ya baridi, akafunga mlango kwa kamba, akaweka gia ya kwanza, na ile kijani ikaanza kushuka inaguna kama bibi kizee anayeshuka kitandani. Katikati ya mteremko Efrazia alipaza sauti: "Simama!" Ikasimama. Ikakaa pale, magunia kumi mgongoni, kimya, kama iko kanisani. Kuku akapita mbele yake bila haraka. Halafu ikaendelea mpaka darajani.

Efrazia alitoa kalamu kwenye nywele.

*

Ile nyekundu haikwenda Mlola, kwa machozi wala bila machozi. Ilirudi Tanga, ikanunuliwa na mtu anayebeba maharusi, na huko hakuna kilima. Picha ya Leonard ilibaki ukutani ofisini. Wageni wakiuliza gari hilo liko wapi, alisema liko kwa fundi.

Alhamisi ya kwanza walipakia ile kijani alfajiri. Magunia kumi, matenga sita, na kina mama juu yake wamejifunika. Efrazia alikaa mbele, karibu na mlango wa kamba. Kutoka Malindi mpaka Lushoto walipitwa na basi, na mtu mmoja dirishani aliwauliza kama wanahama. Sefania aliuma meno, mkono ukaenda kwenye gia. Efrazia alitazama nje. Mkono ukarudi.

Walipopita Soni, kabla ya zile kona kubwa za kushukia Mombo, Sefania alisimamisha gari pembeni bila kuambiwa. Akashuka. Akazunguka nyuma, akarudi mbele, akasimama kidogo pembeni ya barabara akitazama bonde na mkonge kule chini kabisa, tambarare, mahali alipojifunzia kazi. Kisha akapanda, akaweka gia ya kwanza.

"Ulikuwa unakagua matairi?" aliuliza Efrazia.

"Magoti," alisema Sefania, akaachia breki taratibu.